Hakuna Mtu Anakuja

"Kware, chai imetoka. Kaa nyuma yake. Usiiguse."

Sauti ya Ombui ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola, ikanyamaza.

Mwihaki, ambaye redioni aliitwa Kware, akatia gia.

Ilikuwa saa nane na robo mchana. Isuzu FRR ya buluu ilikuwa ndiyo kwanza itoke lango la nyuma la kituo cha polisi cha Kaplelmet, nje kidogo ya Silibwet, nayo sasa ilikuwa ikiteremka kati ya michai kuelekea Bomet. Juu, magunia ya majani chai. Chini ya magunia, bunduki kumi na moja aina ya G3.

Machoni pa watu Mwihaki alikuwa muuza mayai. Probox nyeupe, trei ishirini nyuma, leso kichwani. Mayai yalikuwa ya kweli. Glock 19 iliyolala chini ya kiti ilikuwa ya kweli pia.

Alizaliwa Kipkelion, baba yake akiuza misumari na mabati karibu na reli. Mwaka huu ulikuwa wa sita tangu aingie Kitengo, ofisi ndogo isiyo na bango mlangoni, ambayo kazi yake ni kuwapeleleza polisi wenyewe. Ombui ndiye aliyekuwa mkubwa wake.

Bunduki zile zilinaswa kwa majambazi miaka iliyopita, zikafungiwa kwenye stoo ya vielelezo zisubiri kuyeyushwa. Hazikuyeyushwa. Mkuu wa kituo, Inspekta Mkuu Muchiri, aliamua kuziuza kwa majambazi wengine. Konstebo mmoja, Kipkemoi, aliandika barua ya kulalamika. Wiki haikuisha akapatikana akining'inia chumbani kwake, na Muchiri akaandika kwa mkono wake mwenyewe katika kitabu cha matukio kwamba kijana amejiua.

Funguo za stoo zilikuwa kwa Konstebo Tecla. Mwihaki alimfuata hadi kwa mama yake, Rodah, kwenye boma lililo mteremko wa pili kutoka kituoni. Rodah aliwamiminia mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, bila kuuliza mgeni ni nani. Kabla kibuyu hakijaisha, Tecla alikuwa amekubali kushonea kinasa sauti ndani ya kola ya sare yake. Aliomba jambo moja tu: wakinishika, uje. Mwihaki akaahidi, mama mtu akisikia.

Kinasa kile kilituma sauti moja kwa moja hadi sikioni mwa Mwihaki. Tangu asubuhi alikuwa amesikia karatasi, kikohozi, funguo. Alipouvuka mji wa Bomet, akasikia viatu.

Viatu visivyo na haraka.

Muchiri hakupaza sauti. Alimuuliza Tecla kama amekula mchana. Kisha akamwambia kola yake imeshonwa vizuri, ila uzi huo si wa serikali.

"Weka mkono hapa kwa mlango, mama," alisema. "Hapo kwa bawaba. Ndio hivyo."

Mlango wa chuma ukafungwa.

Mwihaki hakuwa amewahi kusikia binadamu akitoa sauti ile. Usukani ulimponyoka, Probox ikala ukingo wa lami, akairudisha kwa shida.

"Mlima, hapa Kware. Tecla ameshikwa. Narudi."

"Hurudi."

"Anamvunja vidole."

"Najua. Nasikia pia." Redio ikakwaruza. "Kifaa cha kufuatilia tuliweka chini ya lori kimekufa tangu Bomet. Macho ni yako peke yake. Ukigeuza, bunduki zimepotea."

Mwihaki alimwambia basi atume watu wake. Ombui alikuwa na wanaume wanane na Land Cruiser mbili zikingoja karibu na Sigor. Moja ingetosha kwenda. Kuwapigia polisi wa jirani lilikuwa jambo lisilofikirika, maana wote walikuwa wakimpigia Muchiri saluti.

Redio ikazimwa upande wa pili.

Kituo kilikuwa dakika ishirini nyuma yake. Aliinua mguu kwenye mafuta, akatazama kioo. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari. Ingemchukua pumzi moja tu kugeuza.

Akarudisha mguu.

Alilifuata lori.

Michai iliisha, mahindi yakaanza, na sikioni mwake mlango ulifungwa mara ya pili. Muchiri akaomba mkono wa pili, kwa adabu ile ile. Kila baada ya mlango aliuliza swali moja: ni nani anasikiliza? Kwa muda mrefu Tecla alihema tu. Halafu akasema kwa sauti safi, karibu sana na kola:

"Hakuna mtu, afande. Hakuna mtu anasikia. Hakuna mtu anakuja."

Mwihaki alijua maneno ya kumjibu Muchiri yaliishia wapi, na yale ya kumfikia yeye aliyeahidi kuja yalianzia wapi.

Risasi moja.

Kitambaa kikasuguana, kikaburutwa.

Sigor ilimpokea kwa mvua ya mawe. Lori liliingia kwenye ua wa ghala la mahindi, na mwanaume mnene akatoka na mwavuli: Gekara, mwanajeshi aliyefukuzwa kazi, ambaye Kitengo kilikuwa kikimtafuta kwa miaka miwili. Alipasua gunia kwa kisu, akachomoa G3, akaikagua kama mtu anayechagua muhindi wa kuchoma.

Land Cruiser zilikuwa dakika tatu mbali. Mwihaki hakuzingoja.

Aliibamiza Probox langoni na kuliziba. Mayai yalimwagika hadi kwenye visigino vyake. Dereva wa lori alitupa funguo, akalala kifudifudi. Gekara alichomoa bastola, akafyatua. Kioo cha mbele kikaporomoka. Mwihaki alitokea mlango wa pili, akapiga magoti, akafyatua.

Goti la kushoto. Gekara akaanguka, bastola ikateleza mbali.

Goti la kulia.

Risasi ya pili haikuhitajika.

Simu ikalia mfukoni mwa Gekara. Muchiri. Mwihaki aliweka spika, akawasha kurekodi kwenye simu yake, akakandamiza mdomo wa Glock juu ya mfupa uliovunjika.

"Mwambie mko sawa."

Gekara alisema wako sawa. Sauti ilitetemeka, lakini mawe yalikuwa yakipiga mabati na Muchiri hakusikia vizuri.

"Basi rudisha lori," Muchiri alisema. "Kuna mzigo hapa kwa stoo. Ule msichana wa funguo. Nimemaliza yeye, wewe utatafuta mahali ya kuzika kabla daktari aone hiyo mikono."

Watu wa Ombui walipofika, walirudi wote kituoni na lori lile lile, mmoja wao akiendesha. Muchiri alifungua lango mwenyewe, kikombe cha chai mkononi. Alipomwona mwanamke akishuka na Glock, alitabasamu, akamsemesha kwa Kikuyu, lugha yao wote wawili. Alimwambia yeye ni mtoto wa nyumbani, na mambo ya nyumbani huongelewa nyumbani.

Mwihaki alimtia pingu.

Kitabu cha matukio kilikuwa wazi mezani. Konstebo Tecla, kiliandikwa, amejipiga risasi kwa bastola ya kazi. Mwihaki aliingia stoo. Alikaa humo dakika moja, akatoka.

"Kwa mkono gani, afande?" aliuliza.



Ombui alifika akiwa amechangamka. Bunduki kumi na moja, mnunuzi, muuzaji, wote siku moja. Akamwagiza Mwihaki aandike taarifa yake ianzie Sigor. Mambo ya barabarani hayana faida kwa mtu.

Mwihaki aliketi kwenye ngazi ya stoo, akaandika. Saa nane na dakika arobaini nilimsikia Konstebo Tecla akiteswa. Bwana Ombui pia alisikia. Aliniamuru nisirudi. Ningeweza kurudi. Sikurudi. Akatia sahihi, akapiga picha kila ukurasa, akamtumia mwendesha mashtaka. Ndipo akampa Ombui.

Ombui alisoma hadi mwisho.

"Umejifunga mwenyewe."

"Tumefungwa wawili," alisema Mwihaki.

Aliitoa Glock risasi, akaiweka juu ya kitabu cha matukio, akapita kati ya wanaume wale wanane kama apitaye sokoni. Bado kulikuwa na mwanga. Akashika njia nyembamba kati ya michai iliyochanwa na mvua ya mawe iliyopita huku pia. Hakuna aliyekuwa amempigia simu Rodah, na Mwihaki hakutaka apate habari kwa simu.

Mama yule alimwona kutoka mbali, akamtambua, akampungia mkono.

Kisha akaingia jikoni kuteleka chai.