Nilikaa Mpaka Akamaliza

Jumanne, tarehe tisa Julai, nilirudi nyumbani Soweto West nikakuta kitanda cha binti yangu Nzilani hakipo. Nguo zake hazipo. Hakuacha hata neno. Niliketi juu ya ndoo kama mtu aliyepigwa.

Mimi ni Musembi, fundi wa milango ya mabati. Mke wangu, Mbula, alikufa mwaka jana. Kliniki haikuwa na dawa, na wakubwa wake wanalala vizuri mpaka leo. Nimesema hivyo kwa kila baraza. Lakini Nzilani akiniuliza habari za mama yake, nachukua koti, nasema kuna mkutano.

Jirani yangu Trizah ni mhudumu wa afya ya jamii. Nilimlalamikia kwamba watoto wa siku hizi hawana heshima. Akacheka.

"Baba Nzilani, kwa baraza unaongea mpaka chifu anaangalia saa. Kwa nyumba unakuwa bubu. Ni mtoto amekutoroka, ama ni wewe ulianza?"

Akanieleza la kufanya. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Muulize umemkosea wapi. Usijitetee kabla hajamaliza. Hasira ikipanda, sema unatoka na utarudi saa ngapi. Kisha urudi kweli.

Jumapili nikaenda Kawangware, mahali Trizah aliniambia amehamia. Nikamuuliza nimemkosea wapi.

"Mama akikata roho ulikuwa wapi?"

Nikaanza kusema nilikuwa kwa ofisi ya kliniki nikidai dawa. Nikamkumbuka Trizah, nikanyamaza.

"Siku tatu ulikuwa unapigana na wao," akasema. "Mama hakuwa anataka dawa tena, baba. Alikuwa anataka ukae na yeye."

Hilo sikulijua. Nikamwambia natoka dakika kumi. Nikazunguka ploti, nikarudi. Alishtuka kuniona mlangoni. Akaendelea, na safari hii nilikaa mpaka akamaliza. Tulilia wote wawili. Kisha akanipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Sasa tunatembeleana. Majuzi alikuja Soweto, akaniambia mama yake alimuuliza swali moja siku ya mwisho, naye akakosa jibu. Akaniuliza mimi. Nimelala nalo siku nne, na siwezi kumsingizia mkubwa yeyote:

"Baba yako anaogopa nini humu ndani?"