Kikohozi cha Mengineyo

Kikao cha idara kilipofika kwenye mengineyo, kiti cha dirishani kilikohoa.

Kiti chenyewe kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Mzee Subira, mhadhiri waliyemzika mwezi uliopita, na kila mtu mle ndani alikifahamu kile kikohozi kikavu cha kuomba radhi kabla ya kusema. Ikafuata harufu ya mafuta ya mkaratusi aliyokuwa akijichua magotini. Wasomi wakatazamana. Mwalimu wa takwimu, ambaye kwa domo hakuwa na mpinzani, akakazia macho chai yake.

Mkuu wa idara akafunga kikao harakaharaka. Yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kutetemeka. Mzee alimfundisha tangu hajui kushika chaki, na hata mwanafunzi huyo alipokuja kuwa bosi wake, mzee aliendelea kumwita "binti yangu". Kila kikao, wakati wa mengineyo, mzee alikohoa, akauliza kwa upole habari za kupandishwa kwake kuwa profesa. Naye mkuu alimjibu yaleyale, "Tutalitazama kikao kijacho, Mzee." Hakuwa na kinyongo naye. Siku zote palikuwa na jambo la haraka zaidi, na mzee hakuwa mtu wa kugomba. Akafa akingoja.

Wasomi ni wasomi. Wakaunda kamati ndogo ya kuchunguza kikohozi. Kamati ndogo ikapendekeza kamati kubwa. Mkuu akaona dawa ni kuyafuta mengineyo kabisa. Siku ya kikao hicho kisicho na mengineyo, mlango ukagoma kufunguka, harufu ikazidi kupanda, ikawaingia kooni, ikaganda kwenye nguo, na kikohozi kikatoka kwenye kiti cha dirishani kikazunguka nyuma ya migongo yao, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mtu mwenye magoti mabovu anayetafuta pa kukaa, mpaka kikasimama nyuma ya shingo ya mkuu, naye akahisi pumzi ya baridi, akalia mbele ya walio chini yake bila kuona haya. Mlango ulifunguka alipotamka neno mengineyo.

Akaitwa mganga. Kamati ikataka kwanza wasifu wake. Bibi yule aliwatazama tu, akawasha ubani.

"Ni jini," alinong'ona. "Hupenda kuhamia kwenye neno lililoachwa kiporo. Amevaa sauti ya mzee wenu, anangoja jibu. Muulize kama kuna mengineyo, mwanangu, kisha umjibu. Ni mara moja tu. Ukikosea, hatoki tena."

"Nitamwambia ndiyo," mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Alistahili tangu zamani. Nataka alisikie."

Alikuwa amelala na neno hilo, akaamka nalo. Wakakaa mezani, na moshi ukatanda.

"Kuna mengineyo?"

Kiti kikakohoa, kwa upole uleule.

Huruma ikamjaa mkuu kifuani. Akafungua kinywa, na kinywa, kilichozoea kazi yake miaka yote, kikamtangulia.

"Tutalitazama kikao kijacho, Mzee."

Mganga akaanza kukusanya vitu vyake. Mkuu akajifunika uso, akawa anarudia, "Ndiyo, Mzee, ndiyo, ndiyo," lakini kiti cha dirishani kilikuwa kimeshajisogeza taratibu hadi mezani, kikatulia hapo kikingojea kikao kijacho.