Wagonjwa Ishirini wa Mwanakhamis

Kila Jumamosi asubuhi Mwanakhamis, msichana wa miaka kumi na miwili, alimsaidia mama yake kukanda unga wa maandazi jikoni kwao mtaa wa Bordesley Green, ughaibuni. Jumamosi hii unga ulimshinda. Cheti chake cha mashindano ya sayansi kilibandikwa kwenye friji, na hakuwa na pa kukikwepea.

Kazi yake ilihusu chai ya pakanga, majani ambayo bibi yake kule Pemba huwapikia wenye malaria. Aliandika kwamba wagonjwa ishirini waliinywa, wakapona kumi na wanane. Kwa kweli bibi alimtajia kwa simu watu wanne tu, na watatu kati yao walimeza pia vidonge vya hospitali. Wanne aliwaona haba, akaongeza. Mama alikwisha kujisifia cheti hicho kila mahali, na kusema ukweli sasa kungemwaibisha.

Mara jirani yao, Mama Héritier, akabisha hodi. Kesho alikuwa akisafiri kwenda kwao Uvira na mwanawe wa mwaka mmoja. Vidonge vya kinga ya malaria alivyoandikiwa na daktari vilimchafua tumbo, akaeleza, kwa hiyo ameviacha. Yeye na mtoto watakunywa pakanga.

"Watu kumi na munane walipona," alisema. "Minakuamini, mutoto wangu."

Mama akafungua kabati kutoa mfuko wa majani. Mwanakhamis alihisi maji yamemfika shingoni. Akamtazama mtoto Héritier, aliyekuwa akinyonya kidole.

"Usimpe, mama," alisema. "Niliwaongeza. Walikuwa wanne, na watatu walimeza vidonge. Sijui kilichowaponya ni nini."

Uso ulimshuka mama. Hakugomba, na hilo ndilo lililomliza Mwanakhamis. Mama alivaa koti, akawachukua wote hadi duka la dawa la mzee Chhotubhai, mzaliwa wa Tanga. Mzee alimpigia simu daktari, wakambadilishia Mama Héritier vidonge, vyake na vya mtoto. Kisha akamgeukia msichana.

"Dawa nzuri ya malaria hutolewa katika mmea huo," alisema. "Lakini ilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa mpaka kipimo chake kikajulikana. Kikombe cha chai hakina kipimo. Wanne wako wa kweli, binti, mtafiti anaweza kuanzia hapo. Ishirini wa uongo wangetosha kumzika mtoto."

Jumatatu Mwanakhamis alikirudisha cheti shuleni. Mama mwenyewe ndiye aliyekibandua, akamsindikiza amemshika mkono.