Bonifasi Hajalewa

Yustina alikuwa akichuja asali uani, hapo kwao Mitundu. Mumewe Bonifasi akatoka ndani akipepesuka, miguu imeachana. Akataka kushika ndoo. Ndoo ikaenda chini na asali yote.

"Umeshaamkia wanzuki, baba Eliana?"

"Sijanywa!" Bonifasi alisema, ulimi mzito. Akarusha kikombe. Halafu akakaa chini, akalia.

Miezi mitatu nyuma alianguka mtini akirina asali. Aligonga kisogo. Kidonda kikapona, wakasahau. Ila mwendo ukaharibika. Na hawa ni watu wa nyuki, kila nyumba ina mtungi wa wanzuki, pombe ya asali. Nani angewaza kingine? Yustina alimnusa mdomo, hakusikia harufu. Akasema mumewe anatafuna majani ili kuificha. Antipasi, kaka yake Bonifasi, alishamchapa fimbo mara mbili.

"Leo anahama," Antipasi alisema alipofika uani. "Akalale porini na mizinga yake mpaka akili imrudie."

Yustina alikuwa amechoka. Akaanza kumfungia mkeka.

Ndipo akaingia Magreth, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekuwa akikagua vyandarua. Alimtazama Bonifasi.

"Kaka, gusa pua yako. Sasa gusa kidole changu."

Kidole kikatetemeka, kikapita pembeni.

Antipasi akacheka. "Mlevi huyo! Hata pua yake haijui ilipo."

"Pombe huisha mtu akilala," Magreth alisema. "Aliwahi kuanguka?"

Yustina akaeleza. Magreth akashika kisogo chake mwenyewe.

"Hapa nyuma, chini, pana sehemu inaitwa ubongo mdogo. Mguu ukitaka kwenda, yenyewe ndiyo inaupimia: kiasi hiki, basi. Ulimi hivyo hivyo. Hata hasira, kicheko na kilio, inasaidia kuvipimia. Ikiumia, vyote vinapita kiasi."

"Kwa hiyo tulikuwa tunampiga..." Yustina alisema.

"Mlikuwa mnampiga mgonjwa."

Yustina akaufungua mkeka.

Hospitali kubwa walipiga picha ya kichwa. Ubongo mdogo ulikuwa na kovu.

"Mtu akigonga kichwa, kisha akapepesuka au ulimi ukawa mzito, aletwe siku ile ile," daktari alisema. "Mmechelewa. Mengine hayatarudi. Mengine yatarudi kwa mazoezi."

Antipasi alichimbia nguzo uani, akafunga fito mbili za kushikia. Kila siku Bonifasi alikwenda na kurudi katikati yake. Alianguka sana. Mtini hakupanda tena. Hasira zikimpanda, Yustina alimwondolea vitu vya karibu, akangoja bila kumjibu.

Mwezi wa nne wa mazoezi alizifikia nguzo za mwisho bila kushika fito. Kaka yake alikuwa amesimama pale.

"Ulinipiga," Bonifasi alisema, akiburuta neno.

Antipasi akainamisha kichwa. Bonifasi akaanza kucheka. Alicheka, akashindwa kuacha, machozi yakimtoka. Antipasi akageuka aondoke.

"Kaa, shemeji," Yustina alisema. "Hakucheki wewe. Kaa mpaka kicheko kiishe."

Antipasi akakaa.