Majani ya Kitambi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Sindano alikwenda dirishani kumbonyeza Kitambi tumbo. Kitambi hakuwa mtu. Alikuwa mmea wa ndani, wa aina isiyoonekana ovyo, mwenye shina lililovimba chini kama kiazi kikubwa na vitawi vichache juu. Tumboni humo ndimo alimoweka maji yake. Likiwa gumu chini ya kidole gumba, mzima huyo; likibonyea, kuna jambo.

Mbegu zake Sindano alipewa na mama yake mdogo aliyekuwa akiishi naye, fundi cherehani, naye alipewa na mteja aliyetoka mbali. Ikaota moja tu. Wakati huo Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alikuwa darasa la kwanza. Sasa yuko la sita, na Kitambi amefika ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Mimea ya namna hii haina haraka, na anayeitunza hujifunza kutokuwa na haraka.

Likizo moja bibi aliugua, ikabidi nyumba nzima isafiri. Mama mdogo alitaka ufunguo aachiwe msaidizi wake wa kushona. Sindano akakataa.

"Mpe Chiriku, mama mdogo. Chiriku namjua kama ninavyojijua."

"Anasema sana, anasikia kidogo," mama mdogo alijibu, lakini ufunguo akautoa.

Chiriku alikuwa binti wa fundi viatu wa jirani, na shuleni walikaa dawati moja. Sindano alimsimamisha mbele ya dirisha akamweleza: "Msimu huu Kitambi analala. Majani yatadondoka yote. Usimpe maji, hata tone." Lakini Chiriku alikuwa keshaanza habari ya paka wao aliyeiba nyama, na maelezo yale yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Waliporudi, mimea mingine ya dirishani, inayolala msimu huo huo, ilikuwa vipara vitupu. Kitambi peke yake alikuwa na majani, tena ya kijani yanayong'aa.

"Unaona?" Chiriku alisema. "Mkono wangu una baraka. Ila usimguseguse, majani bado machanga."

Sindano alimkumbatia. Alimringia mama mdogo, "Sikukwambia?" Mama mdogo, aliyezama katika sare za shule za wateja, alitupa jicho kwa mbali, akasema "Ajabu," akarudi kwenye cherehani. Darasani Sindano alimsifu rafiki yake mpaka mwalimu akaomba apigiwe makofi. Wakati wa makofi Chiriku alitazama dawati.

Siku zikapita bila tumbo kubonyezwa. Asubuhi moja Sindano alikuwa akifuta vumbi, jani moja likang'oka likabaki kwenye kitambaa. Lilipokuwa limeshika hapakuwa na utomvu. Palikuwa na gundi, na harufu yake aliijua vizuri: ndiyo harufu ya kibanda cha baba Chiriku. Akambonyeza Kitambi tumbo. Kidole kikazama.

Alitoka na kandambili zisizofanana hadi kibandani, jani mkononi. Chiriku alikuwa amekaa karibu na baba yake akisubiri muda wa shule. Alipoliona jani, uso ukamshuka.

"Yalianza kudondoka," alisema. "Nikadhani nimemuua. Nikampa maji, yakazidi. Nikampa tena. Yalipokwisha nikachuma mengine kwenye ua wa mlangoni kwetu."

"Niliporudi kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi sana."

"Wewe unayesema mpaka usingizini," Sindano alisema, "neno hilo moja likakushinda?"

Si mmea tu uliomuuma. Alilikumbuka lile kumbatio, akayakumbuka makofi ya darasa zima, na rafiki yake aliyapokea yote akijua. Aliona ametumiwa kuutangaza uongo ambao hakuutunga. Baba Chiriku aliweka kiatu chini, akachukua kisu chake cha kukatia ngozi, akakifuta vizuri. "Twende kwa fundi mwenzangu," alisema. "Na wewe binti, utayasema haya haya, usipunguze kitu."

Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamng'oa Kitambi, akaanza kukata kwa kisu kile. Nyama iliyooza, ya kahawia, yenye maji, ilitoka vipande kwa vipande mpaka ikaonekana nyeupe safi. Nusu ya tumbo ilikuwa imekwenda. Akapaka kidonda unga wa mkaa, akamlaza Kitambi juu ya kabati, bila udongo wala maji, ili kidonda kikauke.

"Mwanangu," alimwambia Chiriku, "maji yalikuwa kosa. Mimi mwenyewe nimeua mimea mingi kwa huruma ya maji. Ungesema siku tuliyorudi, ningekata kipande kidogo kama ukucha. Nusu hii imeliwa na majani yako ya gundi." Akamgeukia Sindano. "Na wewe ulijua huu si msimu wa majani. Sifa zilikunogea, ukaacha kubonyeza. Na mimi niliona ajabu, nikanyamaza."

Sindano alihamia dawati jingine. Mvua zilipoanza, Kitambi, aliyekwisha kurudishwa udongoni, sasa tumbo upande mmoja, alichomoza jani dogo kama punje ya mchele. Sindano alitafuta wa kumwonyesha, akagundua kwamba furaha ile ni mtu mmoja tu angeielewa. Akamwita, bila tabasamu. Chiriku alikuja, akalitazama jani kwa muda mrefu. Tangu hapo akawa anakuja tena, kidogo kidogo.

Likizo nyingine ilipokaribia, Sindano alikuwa uani akifua aliposikia vishindo vya miguu.

"Nimemvunja tawi," Chiriku alisema huku akihema. "Kwa kiwiko, sasa hivi. Ni mimi."

Sindano alikwenda akalitazama tawi sakafuni. Moyo ulimuuma, lakini safari hii hakukuwa na la kugundua baadaye. Mama mdogo alitoa pini mdomoni.

"Pakeni mkaa, kidonda kitapona. Na tukisafiri, ufunguo mpeni huyu."

"Mama mdogo, si ndiye amevunja?"

"Ndiye. Na amesema kabla hata utomvu haujakauka. Mtu wa hivyo ndiye wa kuachiwa nyumba."