Aliyeitikia Msituni

Sauti ilitoka nyuma, na mumewe alikuwa mbele.

Nesi aliitikia kabla hajawaza. "Abee."

Mumewe, fundi umeme, aliyemtangulia hatua kumi kwenye njia ya msituni, akageuka. "Unamwitikia nani?"

"Si wewe umeniita jina langu?"

"Mimi sijafungua mdomo."

Walikuwa na wiki tatu tu tangu wahamie mji ule, nesi alipopata uhamisho. Maboksi mengine yalikuwa hayajafunguliwa. Jumapili ile hakuwa na zamu, mume akasema waende wakaione hifadhi ya msitu nje kidogo ya mji, waache kujifungia ndani kama kuku anayeatamia. Ilikuwa njia ya mwendo wa saa tatu. Unafuata mishale myeupe iliyochorwa mitini, unazunguka, unatokea tena langoni.

"Labda mwangwi," mume akasema.

"Mwangwi wa mtu aliyenyamaza?"

Wakacheka kicheko cha kujikaza, wakaongeza mwendo. Jua lilikuwa la utosini lakini ndege walikuwa wamenyamaza, na harufu ya udi ikaanza kuwafuata, udi kama wa chumba cha bibi harusi, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala moshi, na kila walipotembea majani makavu yalilia nyuma yao, na kila waliposimama yalilia mara moja zaidi kisha yakatulia, hata mume akaushika mkono wa mkewe akauona ni wa baridi, na alipomtazama usoni akamkuta anatabasamu.

"Nimechoka kuita," mkewe akasema kwa sauti nzito isiyo yake, taratibu, kama mgonjwa anayeeleza maumivu ya miaka. "Wote wanapita tu. Huyu kaniitikia. Huyu ni wangu."

Mkewe akaanguka. Mume akambeba mgongoni, akakimbia, matawi yakimchapa, pumzi ya mkewe ikimchoma shingoni.

Langoni mkata tiketi, mama wa makamo, aliwaona akaacha kiti chake. Hakuuliza mengi.

"Aliitikia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi aliyemwita amelishika jina lake. Mkeo ana jingine? La utotoni, ambalo hamjalitaja humo ndani?"

Mume akasita. Lilikuwepo. Mkewe alimwambia walipokuwa wachumba, akamwapisha asilitamke mbele ya watu: utotoni hakulala bila kukumbatia kijiko. Akainama sikioni mwake.

"Kijiko."

"Huyo simjui," ile sauti nzito ikajibu.

"Kijiko, mke wangu. Twende nyumbani."

"Kijiko ni nani?" Sauti ilianza kuhangaika. "Hapa hayupo."

"Kijiko," mume akaita mara ya tatu, machozi yakimtoka.

Kwa mbali, sauti nyembamba ikajibu: "Abee." Nesi akafumbua macho. "Nani kakuruhusu uniite hivyo mbele ya mama wa watu?"

Mume akalia na kucheka kwa pamoja. Mkata tiketi hakucheka.

"Nyumbani msiitane," akawaasa. "Sauti zenu yule wa msituni ameshazisikia zote mbili, msije mkamwitikia tena."

Wakamtii. Aliyemtaka mwenzake alimfuata alipo, akamgusa bega. Mwezi ukapita salama. Wakamaliza maboksi, wakazoea, hata wakaona raha kuishi kimyakimya.

Alasiri moja mume alikuwa jikoni akimenya viazi, mkono ukamgusa begani, mwepesi. Akatabasamu bila kugeuka.

"Leo umewahi kurudi."

Simu yake mezani ikaita. Alikuwa mkewe. Akapokea kwa kidole chenye maji.

"Nimebanwa wodini," mkewe akanong'ona. "Wewe kula tu, usinisubiri. Unanisikia?"

Mkono ulikuwa bado begani, na vidole vilikuwa vinaanza kukaza.