Njiwa Waliopeana Mgongo

Asubuhi ile njiwa walikuwa wakilia juu ya paa. Jua liliingia chumbani taratibu, kama mgeni mwenye haya. Seremala na mkewe walichonga kimya kimya, kila mmoja njiwa wake kwenye kibao chake. Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga. Mama alijihisi kama yumo ndotoni.

Kesho binti yao angeolewa. Zawadi yao ilikuwa shuka moja jeupe, la kuchapwa njiwa wawili wanaotazamana.

"Hatutaliharibu kweli?" mama aliuliza.

"Mke wangu, nimechonga vitanda vya mtaa mzima. Njiwa atanishinda?"

Jirani yao, mchapaji wa vitambaa, alikuja na wino na rola ya kuupakia. Walimwita Mama Wino, maana vidole vyake havikuwahi kutakata.

"Anzeni na karatasi," alisema.

"Ya nini, na shuka lipo?"

"Karatasi ukikosea unatupa, shemeji. Shuka ukikosea unalia."

Alipaka vibao tabaka jembamba la wino. "Ukizidi unajaza mifereji mliyochonga, manyoya yanapotea. Mlipochimba patabaki peupe. Mlipoacha juu ndipo patachapa."

Waliviweka vibao kifudifudi juu ya karatasi, sambamba, wakavikandamiza, wakaviinua. Njiwa walitoka wazuri, hadi unyoya wa mwisho. Lakini walikuwa wamepeana mgongo.

Mama aliumia moyoni. Akilini alimwona binti yake akilala kila siku na ndege wasiotaka kuonana. Machozi yakamlengalenga. Muda wa kuchonga upya haukuwepo.

"Mbona kwenye vibao wanatazamana?" seremala aliuliza. Majigambo yote yalikuwa yamemwisha.

"Chapa hugeuza, kama kioo," Mama Wino alieleza. "Anayetazama kulia kwenye ubao hutazama kushoto kwenye kitambaa. Ndiyo maana tunachora kinyume kabla ya kuchonga."

Mama alivitazama vibao kwa muda mrefu. Kisha akakiweka cha mumewe mahali pa chake, na chake mahali pa cha mumewe.

"Na wakibadilishana nafasi?"

Mama Wino akacheka. "Sasa umekuwa mchapaji."

Walijaribu tena kwenye karatasi. Midomo ilikaribia kugusana. Ndipo wakachapa shuka.

Wino ulipokauka, binti alilitandika shuka kitandani. Akapitisha kidole polepole kwenye mabawa.

"Wanaambiana nini hawa?"

"Kwamba tujaribu kwanza kwenye karatasi," baba yake akasema.

Mama alicheka mpaka yale machozi ya asubuhi yakatoka.